Viti viwili vya dirishani: kwa nini nazipenda hoteli za zamani za pwani ya Japani

Tangu nirudi kutoka Atami kuna kitu kimenikaa moyoni, acha nikiandike. Mi nazipenda sana hoteli za kizamani za pwani ya Japani, yale maghorofa makubwa ya zege ya miaka ya 60 na 70, ukiyaona kwa mbali toka kwenye treni unaweza kudhani yalishafungwa zamani, rangi imepauka kwa chumvi, herufi za jina kule juu ya paa zimeshika kutu. Watu wengi wanayapita wanatafuta vitu vipya. Mi nashuka hapo hapo.

Atami iko mkoa wa Shizuoka, pale inapoanzia rasi ya Izu, na ukiusoma mji huo kwa maandishi yao jina ni joto na bahari, kwa sababu ya chemchemi zake za maji ya moto. Toka Tokyo ni kama kilomita 105, ukipanda shinkansen, ile treni ya kasi, ya aina ya Kodama, kama dakika 50 hivi umefika. Reli kuu kupita hapo ililipiwa kwa damu, maana handaki la Tanna kwenye milima ya nyuma ya mji lilianza kuchimbwa 1918 likaja kufunguliwa 1934, wakafa watu 67 humo. Afu 1964 ikaja shinkansen, basi, Atami ikajaa. Maharusi walikuja fungate, makampuni yakaleta wafanyakazi wote kwa mabasi, jioni ukumbi mzima watu wamekaa chini kwenye mikeka ya tatami wamevaa yukata, yale majoho mepesi ya pamba, za aina moja, bosi na karani huwezi kuwatofautisha.

Na hapo ndo penye raha yote kwangu. Hoteli hizi zilijengwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, mtu ambaye kafanya kazi mwaka mzima na ana usiku mmoja tu wa kupumzika, kwa hiyo aliyejenga akasema huo usiku mmoja lazima ushibe: zulia jekundu toka mlangoni, taa kubwa za vioo zinaning'inia, bafu linaloangalia bahari, baa ya karaoke, meza ya pingpong, kona ya gemu, duka la zawadi lenye samaki wakavu na wasabi, yaani usitoke nje hata ukitaka. Wapo wanaoona ni mbwembwe za kizamani. Mi naona kuna mtu alikaa akawaza sana namna ya kumfurahisha mgeni asiyemjua, na mawazo yake bado yapo pale miaka hamsini baadaye.

Nilipolala mimi ufunguo ulikuwa na kile kipande kirefu cha plastiki kizito, namba imechongwa, kingo zimelainika kwa mikono ya watu. Chumbani tatami, meza fupi katikati, chupa ya maji ya moto, kikopo cha majani ya chai na viandazi viwili vya maharage matamu vimefungwa kwenye karatasi. Halafu ukisogeza mlango wa karatasi unakuta kile kijisehemu chembamba cha dirishani, zulia, kimeza kidogo na viti viwili vinatazamana. Wanakiita hiroen. Hakina kazi yoyote ya maana, huli pale, hulali pale, unakaa tu unaangalia bahari inavyobadilika rangi. Nilikaa pale toka saa kumi jioni mpaka taa za mashua zikaanza kuwaka na chai ikapoa mara mbili.

Yule mama mhudumu alipokuja kuandaa chakula akaniangalia kifuani, akaweka trei chini taratibu, akaja kuifungua yukata yangu na kuifunga upya bila kuniuliza. Nilikuwa nimelaza upande wa kulia juu, na hivyo ndo anavyovalishwa maiti. Kushoto ndo kunakaa juu. Alivyomaliza akanipapasa begani mara moja akaendelea kuwasha lile jiko dogo la chungu changu. Hata mama yangu angefanya vile vile.

Alfajiri bafuni. Unaoga kwanza na sabuni umekaa kwenye kigoda, unajisuuza vizuri, ndo unaingia kwenye maji ya moto, bila nguo. Maji ya pale yana chumvi, ukitoka joto linakaa mwilini muda mrefu, nilitembea kwenye korido lile refu na ndala na sikuhisi baridi kabisa.

Ukiwa na siku ya pili shuka Ito, mji mwingine wa rasi hiyo hiyo. Kuna Tokaikan, nyumba ya wageni ya mbao iliyofunguliwa 1928, ikafunga 1997, sasa ni ya mji na unaingia kuangalia, kila fundi aliachiwa aonyeshe ujuzi wake na ngazi zake ni za kushika kwa mkono polepole. Ito hiyo hiyo ndo kwenye hoteli ya Hatoya, ambayo namba yake ya simu 4126 waliifanya wimbo wa tangazo la tivii, ukizisoma hizo namba kwa Kijapani zinatoka yoi furo, bafu zuri. Ile ndugu yake pale baharini, Sunhatoya, ina bafu ambalo unaoga huku samaki wanapita nyuma ya kioo!

Zinapungua lakini, na inaniuma. Masharti ya ujenzi wa kuhimili tetemeko yalikazwa 1981, na sheria ya 2013 ikazilazimisha hoteli kubwa za kabla ya hapo zipimwe, sasa kuimarisha ghorofa la zege lililo juu ya mwamba wa bahari ni pesa nyingi mno. New Akao pale Atami, iliyojengwa kwenye jabali lenyewe na ukumbi wa chakula wenye madirisha makubwa ya kuangalia mawimbi, ilifunga 2021, ingawa jina lake lilirudi 2023 kwenye jengo lake jingine.

Kwa hiyo ukienda na ukaulizwa jengo jipya au la zamani, sema la zamani, upande wa bahari, na uulizie kama lina viti vya dirishani. Mi nishaweka nafasi ya mwezi wa pili, ile miti ya ume, plamu za Kijapani, ya Atami itakuwa imechanua, chumba kile kile kama kitakuwa wazi.