Kanda ya Binti Machozi

Leo nilikuwa natafuta vyeti vya shule kwenye sanduku la mama, nikaikuta kanda ya Machozi, albamu ya kwanza ya Lady Jaydee. Maandishi yamefutika, lakini nimeitambua kwa ile selotepu mama aliyozibia vitundu vya juu ili redio ikubali kurekodi. Upande wa pili karibu wote mama alirekodi mahubiri. Yakiisha mahubiri unasikia kipande cha mwisho cha wimbo, kisha kimya.

Nilimlilia sana siku ile alipozifuta nyimbo. Nilikuwa mdogo, na kwa mama msichana wa Bongo Fleva alikuwa muhuni tu, hata awe na sauti ya kutoa nyoka pangoni. Hakuwa peke yake, mtaa mzima ulisema hivyo. Judith Wambura wa Shinyanga, ndiye huyo Lady Jaydee, aliyetokea kwenye utangazaji wa redio, aliimba R&B kwa Kiswahili wakati wanawake kwenye muziki ule walikuwa wa kuhesabu.

Baada ya hapo zikaja albamu za Binti mwaka 2003, Moto 2005, Shukrani 2007. Ukiyasoma majina hayo kwa kufuatana, unamwona mtu anakua. Akaunda na Machozi Band, akapanda jukwaani na wapiga vyombo wake wakati wasanii wengi walikuwa wanaimba juu ya CD. Hapo ndipo wazazi wetu walipolegea. Mtu aliyekulia kwenye dansi huwezi kumdanganya kuhusu gitaa.

Sisi mashabiki tulikuwa na shida yetu. Tulimpenda akiitwa Binti Machozi, tukataka abaki pale pale. Akajiita Komando, tukameza. Ilipofika 2013, mwaka wa wimbo wake Yahaya, akijiita Anaconda na akijibu mapigo waziwazi, nilimwambia dada yangu, "Huyu si Jide wetu tena." Nakumbuka nilivyosema kwa uchungu, utadhani nimeibiwa. Ndoa yake nayo ilipovunjika, kila mtu akawa hakimu, mimi nikiwemo. Najuta. Mwanaume akibadilika huku kwetu tunasema amekomaa. Yeye tulisema amekuwa mkali, ana kiburi.

Mwaka 2016 akatoa Ndi Ndi Ndi. Jina lenyewe lilinishika kabla ya wimbo. Bibi yangu alikuwa akishindilia mpunga kwenye gunia mpaka hata punje moja haiwezi kuongezwa, analipiga kwa kiganja, anasema, "Limejaa ndi ndi ndi." Nilikuwa na miaka yangu ya kuanguka wakati huo, nimefukuzwa kazi, nalala kwa dada. Niliusikiliza kwenye daladala, simu nimeibana sikioni, nikapitiliza kituo. Nilimwelewa Anaconda siku hiyo, nikamwelewa na Komando. Gunia halijai kwa mkono laini.

Jioni hii nimeiweka kanda kwenye redio ya zamani. Mama ametoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni kusikiliza mahubiri yake. Yalipokatika, sauti ikaja, ndogo, imechakaa, mara ikapotea.

"Ndiye yule?" akauliza.

"Ndiye, mama."

Akavuta stuli, akakaa.

"Hebu irudishe kidogo."