Kichaka cha Fedha cha Hiddensee na Majina Yake

Asubuhi moja ya mwishoni mwa Septemba nilipanda meli katika bandari ya Stralsund, kaskazini mashariki mwa Ujerumani, kwa sababu ya neno moja lililonishinda. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya Kijerumani kwa Kiswahili, na wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimekutana na neno Sanddorn, jina la kichaka cha miiba, kwenye maelezo ya chupa ya maji ya matunda. Kamusi zilinielekeza kwenye jina la kitaalamu, Hippophae rhamnoides, lakini sikuridhika kumkabidhi msomaji wangu jina la maktabani kwa kitu kinachoota ufukweni. Niliona afadhali niende nikauone mmea wenyewe.

Kisiwa cha Hiddensee ni chembamba na kirefu, takriban kilomita 17, nacho kiko magharibi mwa kisiwa kikubwa cha Rügen katika Bahari ya Baltiki. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi huko, kwa hiyo tuliposhuka kwenye gati la kijiji cha Kloster tulipokewa na mikokoteni ya farasi. Mimi nilitembea kwa miguu kuelekea kaskazini, ambako ardhi inainuka hadi mita 72 hivi juu ya bahari na kuna mnara wa taa uliojengwa katika miaka ya 1887 na 1888. Eneo hilo la vilima huitwa Dornbusch, maana yake kichaka cha miiba, na nilipousoma ubao wa njia nilihisi kwamba nimeanza kujibiwa kabla sijauliza.

Vichaka vya Sanddorn vilikuwa vimesimama kwenye miteremko inayotazama bahari, vingine vifupi kuliko mimi, vingine vikinipita kimo. Kwa mbali vilionekana kama vimefunikwa na vumbi jeupe. Niliposogea niliona kwamba weupe ule ni wa majani yenyewe, membamba kama ya mzeituni, yaliyofunikwa kwa magamba madogo mno yanayorudisha mwanga wa jua na kuzuia maji yasipotee upesi katika upepo wa chumvi. Nilikwangua upande wa chini wa jani kwa ukucha, na rangi ya fedha ikabaki kidoleni. Matunda yalikuwa ya rangi ya machungwa, madogo kuliko zabibu, yamebanana kuzunguka kijiti hata gome halionekani. Vichaka vingine havikuwa na tunda hata moja, na hilo lilinishangaza, hadi nilipoelezwa kwamba mmea huu una dume na jike kama mpapai: dume hutoa chavua inayobebwa na upepo, na jike ndiye anayezaa.

Aliyenieleza hayo alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkazi wa kisiwani, aliyekuwa akivuta kigari cha mkono. Nilimsalimu kwa adabu, nikamweleza shida yangu, naye akaichukulia kwa uzito ule ule niliokuja nao. Sand ni mchanga, Dorn ni mwiba, alisema, lakini usidhani kwamba mchanga umetajwa kwa kuwa mmea unaota mchangani tu. Mizizi yake hutambaa mbali, huchipua machipukizi mapya, na hivyo huushika mchanga usipeperushwe. Baadaye nilisoma kwamba kwenye mizizi hiyo huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana kichaka hiki hustawi penye udongo usio na rutuba. Wachina nao huuita shaji, yaani mwiba wa mchanga, jina lenye maana ile ile ya Kijerumani, na sioni ajabu, maana huko pia umepandwa kwa wingi ili kuzuia mmomonyoko wa ardhi.

Kwa Waholanzi ni duindoorn, mwiba wa matuta ya mchanga, na kwa Waswidi ni havtorn, mwiba wa bahari. Waingereza, wanaouita sea buckthorn, nao wameitaja bahari, kisha wakaongeza jina la mti mwingine wa miiba ambalo maana yake ni mwiba wa paa dume. Waitaliano husema olivello spinoso, kizeituni chenye miiba, na kwa maoni yangu hao ndio waliolitazama jani kwa makini kuliko wote.

Jioni, katika mkahawa karibu na gati, mhudumu aliyekulia katika lugha ya Kirusi alinipa jina ninalolipenda zaidi: oblepikha, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuganda au kunata pande zote. Warusi hawakutaja mchanga, bahari wala mwiba; walitaja namna matunda yanavyokizingira kijiti. Nje ya dirisha farasi wa mikokoteni walikuwa wakinyweshwa, nami nikakumbuka kwamba Hippophae huelezwa kuwa ni maneno mawili ya Kigiriki, farasi na mng'aro, kwa kuwa inasimuliwa kwamba farasi waliolishwa majani haya manyoya yao yaling'aa.

Usiku huo nilimpigia simu bibi yangu, Tanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Uko wapi na upepo wote huo?"

Nilimwelezea kichaka, majani yake na miiba yake, kisha nikamwomba anisaidie kukipa jina. Alinyamaza kidogo.

"Mwarobaini tumeuita hivyo kwa sababu ya maradhi arobaini," alisema. "Kifauongo tumekiita hivyo kwa sababu tumekigusa kikajifanya kimekufa. Huo wako watu wanautumiaje?"

Nikamjibu kwamba Wajerumani huyakamua matunda yake, huyapasha moto maji yake na kuyanywa wakati wa baridi, na kwamba wengine huliita tunda hilo limau la kaskazini kwa wingi wa vitamini C.

"Umekunywa?"

"Bado, bibi."

"Basi kanywe kwanza, ndipo uniulize jina."

Nilirudi ndani nikaagiza kikombe. Maji yalikuwa makali kuliko ukwaju, yenye mafuta kidogo juu yake, na ilinilazimu kutia asali mara mbili. Daftarini niliandika neno moja nililolibuni, mng'andia, kisha nikaweka alama ya kuuliza mbele yake.