Mradi wa kanda za mzee, wiki ya tatu: USB imenila

Nilisema kufikia wiki hii nitakuwa nimemaliza kuingiza kanda kumi za kaseti za mzee kwa kompyuta. Nimemaliza moja. Na hiyo moja iko na shimo katikati, mzee anaongea juu ya shamba la mpakani, halafu kimya, halafu watu wanacheka na sijui walicheka nini.

Mpangilio bado ni ule ule. Redio kaseti ya marehemu baba, waya inatoka kwa shimo la headifoni inaingia kwa kile kisanduku kidogo cha sauti cha USB, kisanduku kinaingia kwa desktopu ex-UK niliyonunua hapa Kisumu, rekodi zikishaisha nazihamisha kwa diski ya nje. Kuna mausi isiyo na waya, kibodi ya waya, na printa ambayo ni ya mama watoto kwa kazi yake, hiyo nimeambiwa nisiiguse.

Shida ni ule mlio. Kama unatumia Windows unaujua, kitu kikichomoka kinalia du-dum ya kushuka, kikirudi du-dum ya kupanda. Mimi hakuna mtu amechomoa kitu! Nimekaa tu nasikiliza kanda, du-dum, rekodi imekatika. Kitinda mimba wangu ameshajua kuuiga, anaufanya akiwa jikoni, nakimbia kuangalia kompyuta, yeye anaanguka kicheko.

Jumamosi

Leo nimefanya ujinga ambao ninawakataza wanafunzi wangu kila siku. Nimebadilisha vitu vinne mara moja. Nikanunua mausi mpya, nikahamisha diski kutoka tundu la mbele hadi la nyuma, nikapiga dravia (programu za kuendesha vifaa) upya, na nikaingia Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, kwa kila USB Root Hub (kitovu cha matundu ya USB) nikatoa ile tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa pawa. Ikanyamaza karibu saa nzima nikajiona fundi. Halafu mausi ikaanza kugugumia, mshale unaruka kama panzi, nikakasirika nikarudisha diski mbele, mausi ikatulia, du-dum ikarudi. Sasa hata sijui ni gani ilisaidia na ni gani iliharibu.

Jioni nikaongea na fundi mmoja pale Kibuye, hata hakuuliza swali, akasema, "Mwalimu, hiyo ni madabodi. Tupa." Labda. Lakini madabodi (bodi kuu ya kompyuta) inayokufa inachagua kufa tu wakati mzee anachekesha watu?

Jumapili

Nimechukua daftari la mtoto la kurasa 48. Upande wa kushoto saa, upande wa kulia ni nini kimechomekwa wapi na ni nini kilikuwa kinaendelea. Hakuna kubadilisha vitu viwili kwa pamoja.

Kwanza nilitaka kujua kama ni Windows. Nikawasha mashine kwa fleshi yenye Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, bila kuinstoli chochote, nikafungua dirisha la amri nikaandika dmesg -w nikaliacha wazi. Hiyo inakuonyesha ujumbe wa kernel (kiini cha mfumo) papo hapo, kama kifaa kikichomoka. Saa nane na dakika kumi na mbili: usb 2-1.4: USB disconnect. Saa nane na ishirini na tisa, tena. Kwa hivyo Windows haina kosa, angalau sio kosa hili, na dravia zote nilizopiga jana zilikuwa kazi bure na bando ya intaneti ikaenda.

Kufikia jioni daftari lilikuwa na mistari kumi na saba, na nilipolisoma nikiwa nimekaa nje na chai (ndani hakukaliki, vidudu vya ziwa vimekuja kama moshi na vinafuata taa) ndio nikaona. Mausi inapogugumia, dmesg haiandiki kitu. Kisanduku kinapokatika, inaandika. Mausi inasumbua diski ikiwa nyuma. Kisanduku kinasumbua diski ikiwa mbele. Ni magonjwa mawili, na mimi kwa kuhamisha diski nyuma mbele nyuma mbele nilikuwa naponya moja naamsha lingine!

Jumanne

La mausi lilikuwa rahisi. Matundu ya nyuma ya bluu ni USB 3.0, na USB 3.0 ikifanya kazi inamwaga kelele za redio pale pale kwenye 2.4 GHz, ambapo ndipo mausi zisizo na waya zinaongea. Intel waliliandika hilo tangu 2012. Kale kadude ka USB kanachopokea mawimbi ya mausi kalikuwa kamechomekwa tundu linalopakana na diski, yaani ni kama kunong'onezana kando ya posho mill. Nikakapa waya wa kurefusha wa mita moja, nikakaweka juu ya meza. Kwisha.

La mbele ndilo lilinipa kazi. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampia 500, la 3.0 ni 900, na diski za kuzunguka zinapoamka kutoka usingizini zinavuta umeme mwingi kuliko wakati zinazunguka. Daftari lilisema kisanduku kinakufa pale diski inapoamka. Nikaazima kipimo cha USB kwa jamaa wa kutengeneza simu Kondele, kale ka kuchomeka katikati kanaonyesha volti. Tundu la nyuma 5.1. La mbele, diski ikilala 4.8, ikiamka inazama hadi 4.4. Kisanduku maskini kiko tundu la jirani, wanakula sahani moja.

Nikazima, nikachomoa stima, nikafungua. Mayai ya mjusi, mawili, makavu, na vidudu vya ziwa vimekauka kama majani ya chai. Ile plagi ya pini tisa inayotoka matundu ya mbele kwenda madabodi ilikuwa imekaa upande, na pini ya volti tano ina ukungu wa kijani. Nimeisugua na mswaki wa zamani na ile IPA (alkoholi ya isopropili) ya mafundi wa simu (spiriti ya duka la dawa usitumie, nyingine zinaacha mafuta), nikaacha ikauke, nikaisukuma mpaka ikakaa.

Sasa diski ikiamka mbele naona 4.9. Hata hivyo nimeihamishia nyuma kwa bluu, huko kuna chakula cha kutosha, mbele kumebaki kisanduku peke yake.

Alhamisi

Upande A wa kanda ya C-90 (ya dakika 90), dakika 45, bila kukatika. Nikageuza. Upande B, 45 zingine. Walikuwa wanacheka jogoo wa shangazi. Alipanda kwa meza ya wageni katikati ya maombi.

Sasa mama watoto anasema printa yake pia hupotea, mara moja moja, na ati ni mimi nimeiharibu nikifungua mashine. Waya ya printa inapita nyuma ya kabati mpaka chumba kile kingine, nimeunga ya kurefusha mara mbili. Nimepima kwa futi ya ushonaji, mita sita na nusu. USB 2.0 mwisho wake ni tano. Bado sijamwambia.