Petroli inavuja juu, inadondokea chini

Jamani wiki nzima naamka uani kunanuka petroli, na jirani yangu mama wa maandazi anawasha jiko la mkaa saa kumi na moja alfajiri, hatua chache tu kutoka pikipiki yangu inapolala, yaani usingizi wenyewe nilikuwa naupata kwa shida. Tone lilikuwa linaning'inia chini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, kwahiyo fundi mmoja huku Tandika akasema moja kwa moja kabureta imekwisha tubadilishe nzima. Moyo ukagoma.

Jana nikaisukuma pikipiki nje mbali na moto wowote, injini imepoa kabisa, nikafuta kila sehemu kwa kitambaa kikavu halafu nikafunga vipande vya tishu, kimoja kwenye koki ya tenki, kimoja katikati ya mpira wa mafuta, kingine pale mpira unapoingia kwenye kabureta, nikafungua koki nikachuchumaa nasubiri. Haikufika robo saa tishu ya juu ikaanza kulowa, za chini kavu kabisa! Kumbe mpira una ufa mwembamba kama unywele, umejificha chini ya klipsi ya koki, petroli inatambaa kwa nje ya mpira mpaka chini ya kabureta ndo inadondokea pale, kila mtu anailaumu kabureta ya watu bure.

Nimeweka mpira mpya na klipsi mbili, basi. Leo alfajiri nimetoka kunusa, nimesikia maandazi tu. Ila koki naifunga kila usiku, na pikipiki nimeihamishia ukuta wa pili.