Mpira juu, beisi haina mwangalizi: tulivyolimaliza

Mimi na mwenzangu huchezesha softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, hapa Kampala, aghalabu tukiwa waamuzi wawili tu. Mpira ulipopigwa juu kwenda mbali, sote tuliukodolea macho. Beisi, vile vituo ambavyo mkimbiaji huvigusa kwa zamu, zimeachana futi 60 tu. Tukishtuka, mkimbiaji yuko ya pili na hakuna aliyeona kama aliigusa ya kwanza.

Tulijaribu ishara za mikono, lakini nani ataiona ishara naye anatazama mawinguni? Tukachora uwanja kwenye karatasi. Bure.

Dawa ikawa sauti. Kama beisi hazina mkimbiaji, mimi mwamuzi wa beisini nikiamua kuufuata mpira napaza: "Naenda!" Mwenzangu anavua barakoa, anatoka nyuma ya mdakaji (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji), anaingia uwanjani na kujibu: "Mkimbiaji wangu!" Nikishatoka, sirudi mpaka mchezo usimame.

Siri ni lile jibu. Mwanzoni nilipiga kelele peke yangu, kumbe ngoma za mashabiki zilinimeza. Sasa nikipiga hatua mbili sijajibiwa, narudia. Jumamosi alinijibu kwa Kiganda, wachezaji wakacheka, lakini alimfuata mkimbiaji kwa macho hadi beisi ya tatu.