Kumbukumbu ya safu ya diski: ukuta wa tebibaiti 16 umevunjika

Imekubali! Leo alfajiri `df -h`, amri inayoonyesha ukubwa wa hifadhi, imenionyesha 22T mahali palipokuwa na 15T kwa miaka mingi. Nimeiita mara tatu nihakikishe macho yangu yako sawa. Naandika sasa hivi, kabla hatua hazijanitoka kichwani, maana nilipokwama nilikuwa nikiokota kipande huku na kipande kule, na hakuna aliyekuwa amezipanga kwa mfuatano mmoja.

Hali ilikuwa hivi. RAID 6 (safu inayostahimili kufa kwa diski mbili) ya mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski; diski sita za terabaiti 4, mfumo wa faili wa ext4 ukiwa umekaa moja kwa moja juu ya md0, yaani safu yenyewe, bila LVM (tabaka la kugawa nafasi) katikati. Ukitoa mbili za pariti (data ya kufufulia diski iliyokufa) zinabaki diski nne za data. Hizo ni terabaiti 16 kwa hesabu ya kwenye boksi, na tebibaiti 14.55 kwa hesabu ya kompyuta. Shikeni hiyo 14.55, ndiyo iliyonificha shida muda wote.

Upande wa mdadm sina malalamiko hata kidogo. Diski mbili mpya nilizipitisha kwenye jaribio refu la afya la smartctl, nikaziongeza, kisha `--grow --raid-devices=8`. Upangaji upya wa data ulianza kwa mwendo wa megabaiti 18 kwa sekunde, na mdstat, faili la hali ya safu, likaniambia nisubiri siku mbili na nusu. Watu wengi hukimbilia kupandisha speed_limit_min, kiwango cha chini cha mwendo. Kwangu haikubadilisha kitu. Kilichosaidia ni kutoa stripe_cache_size, akiba ya safu kwenye RAM, kwenye 256 na kuipeleka 8192. Kwa diski nane inakula mebibaiti 256 za RAM, na kwenye mashine yenye gigabaiti 2 tu hiyo ni sadaka kubwa, lakini mwendo ulikaribia kuongezeka maradufu. Usiku wa kwanza umeme ulikatika. Mashine ilipowaka, upangaji ukaendelea palepale ulipoachia. Ni kwa mambo kama haya naipenda mdadm kuliko kadi yoyote ya RAID niliyowahi kuishika: kadi ikifa unatafuta nyingine ya aina ileile, mdadm unahamishia diski kwenye mashine yoyote yenye Linux.

Basi, safu ikafika tebibaiti 21.83. Kilichobaki, nilidhani, ni amri moja ya kupanua ext4 ijaze safu: `resize2fs /dev/md0`. Ikanijibu kwa mstari mmoja kwamba ukubwa mpya ni mkubwa mno kuandikwa kwa biti 32.

Nilikaa nikautazama mstari ule. ext4 hii niliitengeneza kwa e2fsprogs 1.42, kifurushi cha zana za ext4, na wakati huo kipengele cha 64bit hakikuwashwa chenyewe. Namba za bloku (vipande ambavyo mfumo huigawa diski) ziko kwenye biti 32, kwa hiyo mwisho wake ni bloku 4,294,967,296. Kwa bloku za kilobaiti 4, hapo ni tebibaiti 16, basi. Safu ya zamani ilikuwa na bloku kama bilioni 3.9, ikapita chini ya mstari bila kuugusa. Safu mpya inahitaji karibu bilioni 5.86.

Ningeweza kukubali yaishe na kuipanua hadi 16T. Nikapiga hesabu: diski mbili mpya zimeleta tebibaiti 7.28, nami ningetumia 1.45 tu. Zilizobaki 5.83 zingekaa zinazunguka na kula umeme bure. Hapana. Hasira iliyonishika ndiyo iliyonifanya nisilale.

Njia ambayo wengi huishauri ni kunakili kila kitu, kutengeneza mfumo mpya wa faili, na kurudisha. Kwangu ilikuwa ngumu. Chelezo ninayo, lakini imetawanyika kwenye diski za nje za kila ukubwa, na humu ndani mna nakala za kila siku za rsync (programu ya kunakili) zinazotumia hadilinki, yaani majina mengi ya faili moja. Kuzihamisha bila kuzivimbisha ni kazi ya majuma.

Kumbe tangu toleo la 1.43, la mwaka 2016, resize2fs ina `-b`: inageuza ext4 ya biti 32 kuwa ya biti 64 papo hapo, data ikiwa ndani. Seva yangu ilikuwa bado na Debian 8 na 1.42.12, ambayo haiijui kabisa hiyo `-b`. Nikawasha mashine kwa fleshi ya Debian 9, yenye 1.43.4. Safu ikajitokeza kwa jina la md127, kama kawaida yake ukitumia mfumo wa kuazima. Angalieni jina hilo kabla hamjabonyeza chochote.

Hapo ndipo nilipokwama siku mbili kamili. `-b` haigusi kitu mpaka mfumo uwe umeshushwa (haujapachikwa) na umepita ukaguzi wa `e2fsck -f`. Na e2fsck ikawa inakufa. Hatua ya kwanza inaenda, inaenda, kisha kerneli inaiua kwa kukosa RAM. Nikaongeza swapu, ikafika mbele kidogo, ikafa tena. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa pale pale nikiiangalia asilimia inavyopanda, roho mkononi, nayo ikaniachia neno moja la kwamba imeuawa. Zile hadilinki ndizo zilizoimaliza: kwa kila ainodi (rekodi ya faili) yenye majina mengi lazima iweke hesabu kichwani, na mimi nina mamilioni.

Dawa ilikuwa imelala kwenye ukurasa wa maelezo wa e2fsck.conf, sehemu ya `[scratch_files]`. Unaipa saraka kwenye diski nyingine, na hesabu hizo inaziandika huko badala ya kwenye RAM. Nikaielekeza kwenye SSD ndogo ya nje. Polepole sana, mwendo wa kobe kweli, saa kumi na tisa. Lakini ilimaliza, na safi, bila kosa hata moja. Nilisimama nikazunguka chumba.

Kisha `resize2fs -p -b`. Nilitanguliza `-z` na faili la kutendulia kwenye SSD hiyohiyo, ili ikiharibika katikati, e2undo iweze kurudisha metadata (rekodi za mfumo wenyewe) nyuma. Msiiruke hiyo. Kazi inayofanyika hapa ni nzito kuliko inavyoonekana. Mfumo wangu una vikundi vya bloku zaidi ya 119,000, na maelezo ya kila kikundi yanatoka baiti 32 kwenda 64. Jedwali linakuwa mara mbili, nafasi iliyotengwa mwanzoni haitoshi, na vilivyokaa nyuma yake vinasogezwa ili lipate pa kukaa. Ikamaliza. `dumpe2fs -h` ikaonyesha 64bit kwenye orodha ya vipengele. Sijawahi kufurahia neno moja kwenye terminali namna hii.

Mpango ulikuwa kupachika mara moja na kupanua, kisha kupima mwendo kabla na baada ya kurekebisha stripe_width, mpangilio unaoiambia ext4 upana wa safu. Lakini mfumo ukiwa bado umeshushwa nikakumbuka metadata_csum, kipengele kinachoiwekea metadata hundi za kugundua uharibifu. Ukijaribu kuiwasha kwenye ext4 ya biti 32, tune2fs, zana ya kubadilisha mipangilio ya ext4, hukuambia kwamba nafasi za biti 64 ndizo zinazoruhusu hundi kamili. Sasa ninazo, na kuifanya baadaye kungedai kushusha tena na e2fsck nyingine ya saa kumi na tisa. Nikaamua ifanyike sasa. Ilihitaji e2fsck baada ya ugeuzaji, ambayo nilikuwa naifanya kwa vyovyote, kisha saa kadhaa za kuandika upya majedwali ya ainodi. Uamuzi huo umezaa kazi nyingine: e2fsck ya 1.42 haikijui kipengele hicho na hukataa kuugusa mfumo, kwa hiyo seva haikuweza kurudi kwenye Debian 8 kama ilivyokuwa. Nikaipandisha hadi 9 usiku uleule. Vipimo vya mwendo vimeanguka njiani, na sidhani nitavirudia.

Baada ya hapo, nikaupachika na kuita `resize2fs /dev/md0` mfumo ukiwa hai. Dakika 25.

Mambo mawili niliyofanya mwishoni. Chunki yangu, kipande ambacho kila diski hupokea kwa zamu, ni kilobaiti 512, hivyo stride (chunki ikihesabiwa kwa bloku) ni 128. Kwa diski nne za data stripe_width ilikuwa 512, kwa sita ni 768. resize2fs haikuibadilisha, nimeweka mwenyewe kwa `tune2fs -E stripe_width=768`. Na ile asilimia 5 inayotengwa kwa root, msimamizi wa mashine, kwa ukubwa huu ni zaidi ya tebibaiti nzima. Hii ni hazina ya data tupu, root haina shughuli humo, kwa hiyo `tune2fs -m 0`.

Kuna atakayeuliza kwa nini sikuweka XFS, mfumo mwingine wa faili, tangu mwanzo. Amri yake ya kupanua, xfs_growfs, ingemaliza hili kwa sekunde chache, nakubali. Ila niliwahi kulazimika kupunguza mfumo wa faili, na ext4 ikaniruhusu. Nabaki nayo.

Sasa hivi rsync ya usiku inakimbia kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Faili la kutendulia bado liko kwenye SSD, lakini tangu nilipoandika juu yake halina kazi tena. Nalifuta kesho.