Risiti za EFD, viluwiluwi na ujauzito wa mdogo wangu

Mdogo wangu ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Buzuruga, ana ujauzito wa miezi mitano, na kazi yake kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni ni kuchana risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, na kumpa mteja. Wiki mbili zilizopita kanipigia usiku, "dada, eti hizi risiti zina kemikali ya kuvuruga homoni, kuna klipu inazunguka wasap, ni kweli?" Mimi nafundisha bayolojia sekondari kwahiyo kila swali la mwili kwenye familia linaletwa kwangu, ila hili sikutaka kumjibu kwa kubahatisha, kuna mtoto hapo. Nikamwambia nipe siku chache.

Chukua risiti ya EFD uikwaruze na kucha, utaona mstari mweusi. Hakuna wino pale, rangi imo kwenye karatasi tayari inasubiri joto tu, na ili itokee inahitaji kemikali nyingine ya kuiamsha, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa BPA. Sio kila roli inayo. Ila ikiwemo haijafungwa kama ilivyofungwa kwenye plastiki ngumu, imekaa huru juu ya karatasi, ukiishika inahamia kidoleni, na mkono uliopakwa losheni au sanitaiza unaipitisha zaidi. Na mdogo wangu losheni haimtoki kwenye droo.

Sasa mimi nilitaka kujua nani anasema inavuruga homoni, na amejuaje. Maana mtandaoni kila kitu kinavuruga homoni, leo soya kesho simu, mpaka mtu unaacha kuamini hata cha kweli. Nilichokuta ni kwamba wadhibiti wenyewe hawasemi hivyo kirahisi. Wanatumia maana ya kivuruga homoni iliyotolewa na WHO mwaka 2002, na kwa Umoja wa Ulaya lazima waonyeshe kwamba kemikali inaleta madhara kwa kiumbe kizima au kizazi chake, kwamba inaingilia mfumo wa homoni, halafu kwamba yale madhara yametokana na huko kuingilia. Hapo mwisho ndio pagumu bwana. Panya akilishwa sumu ini likaharibika, homoni zake nazo zitayumba, lakini zimeyumba kwa sababu anaumwa, hiyo haitoshi.

Wanaanza na kompyuta na seli za maabara, kuona kama kemikali inashika pale pale estrojeni, homoni ya kike, inaposhika. Baadae wanyama. Panya jike ambaye hajapevuka anapewa kemikali siku tatu mfululizo halafu wanapima uzito wa mfuko wa uzazi, ukiongezeka maana yake mwili umeipokea kama estrojeni. Lakini lililonishika mimi ni la viluwiluwi. Wanawekwa kwenye maji yenye kemikali siku 21, halafu wanapimwa urefu wa miguu ya nyuma na tezi ya thairoidi inaangaliwa kwa hadubini, kwa sababu kiluwiluwi bila homoni ya thairoidi hawezi kugeuka chura, kemikali ikiizuia hiyo homoni miguu inachelewa kuota. Sisi tuliokulia jirani na ziwa tulikuwa tunawachota na kopo kila masika tunasubiri mkia uishe, kumbe tulikuwa tunaangalia homoni ikifanya kazi! Chura wanayemtumia anaitwa Xenopus, ana ndugu yake wa karibu huku kwetu kanda ya ziwa, na zamani, kuanzia miaka ya 1930, alikuwa ndio kipimo cha mimba, anachomwa sindano ya mkojo wa mwanamke, akitaga mayai basi ni mjamzito. Nilivyomsimulia mdogo wangu alikaa kimya, akasema "kwahiyo na yeye homoni zetu zinamwingia".

Kinachoniuma ni muda. BPA ilijulikana inafanya kazi kama estrojeni tangu 1936, Waingereza walioipima walikuwa wanatafuta dawa. Halafu ikaingia kwenye plastiki, mpaka chupa za watoto, na Wakala wa Kemikali wa Ulaya wakaja kuitambua rasmi kama mvurugaji homoni kwa binadamu Juni 2017. Miaka 81! Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wakashusha kiwango cha kuvumilika kwa siku kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000. Kwenye karatasi ya risiti, kule Ulaya BPA haitakiwi kufika asilimia 0.02 tangu Januari 2020.

Viwanda vingi vikahamia BPS, ambayo ni ndugu yake kabisa kimaumbile, na Januari 2023 na yenyewe ikaingizwa kwenye orodha ya Ulaya ya kemikali za kutiliwa mashaka makubwa, kwa kosa lile lile.

Nimemwambia mdogo wangu losheni apake akishafunga hesabu, anawe mikono na sabuni kabla ya kula, risiti asizikunje kiganjani. Juzi kanitumia picha ya boksi jipya la roli, limeandikwa halina BPA. Nikamwambia muulize aliyewauzia, badala yake wameweka nini? Kauliza. Yule kaka kasema hajawahi kuulizwa hilo swali, atapiga simu Dar aulizie.